HAKI YA NJIA, NA PESA YA NJIA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.



Tulimzika mtoto wa madrasa yetu. Alitoka kusoma baada ya Alasiri, akarudi kwao kwa miguu. Upande mmoja wa barabara kuna mfereji wazi, upande wa pili motokari zimesimama na meza za wauzaji zimepangwa mpaka kwenye lami. Hakuna mahali pa kuweka mguu. Mtoto akapita juu ya lami, kamyo likamkuta. Kwenye matanga kila mtu alisema: ni mapenzi ya Mungu. Na mimi nilisema hivyo, maana ni kweli. Mama yake aliniangalia tu. Usiku ule nilijiuliza kama nilimwambia kweli yote ao nusu yake.

Ndugu yangu msomaji, mkumbuke Sayyidna Umar (r.a.). Alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba tauni imeingia kule. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Basi mfereji uliofunikwa nao ni kadari. Tuta linalomlazimisha dereva kupunguza mbio mbele ya shule nalo ni kadari. Mwenye kuacha shimo wazi miaka kumi, halafu akasema mbele ya maiti kwamba Mungu amependa, anamsingizia Mola wake kazi ambayo yeye mwenyewe aliikataa.

Dini yetu haikuiona njia kuwa jambo dogo. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba imani ina matawi zaidi ya sitini, la juu kabisa ni Laa ilaaha illa Llah, na la chini kabisa ni kuondoa njiani kitu chenye kuudhi watu. La chini, ndiyo, lakini liko ndani ya imani, haliko nje yake. Na wanazuoni wa fikihi walisema: mtu akichimba shimo kwenye njia ya watu wote bila haki, mpita njia akaanguka na kufa, mchimbaji anadaiwa dia, hata kama wakati ule alikuwa amelala nyumbani kwake. Je, yule aliyelipwa ili afukie shimo, akala pesa na kuliacha? Mimi naona yuko karibu sana na mchimbaji. Ndiyo maana Umar aliogopa kuulizwa na Allah juu ya nyumbu atakayejikwaa kule Iraki kwa sababu hakumsawazishia njia. Nyumbu, ndugu zangu. Na sisi tunazungumza juu ya watoto.

Sasa tuje kwenye pesa. Wengi wanasema: Shehe, sisi watu wa miguu hatulipi kitu barabarani, tutadai nini? Hapa ndipo tunapodanganyika. Sheria ya Julai 2008 iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutengeneza barabara. Pesa yake inatoka kwenye mafuta ya motokari na kwenye peaje. Kamyo la unga likitoka Kasumbalesa linalipa. Lakini mwenye kamyo hatoi mfukoni mwake. Anaiweka juu ya bei ya mfuko, muuzaji anaiweka juu ya bei ya meka, na mama anayetoka Katuba kwa miguu kwenda soko la Kenya, beseni kichwani, ndiye anayeimaliza kuilipa. Kila sahani ya bukari nyumbani kwake ina kipande cha barabara ndani yake. Hata kijana anayesukuma kinga ya makala kwenye barabara ya Kasenga, mifuko imempita kimo, amelipa. Yeye hana motokari, lakini anakula.

Na kuna shaba. Mwaka 2008 serikali yetu na Wachina waliandikiana mkataba wa madini kwa barabara, ule wa Sicomines. Machi 2024 ukaandikwa upya, ikatajwa dola bilioni 7 za barabara. Shaba ile haina mwenyewe mmoja. Ni ya mwenye jipu na ya mwenye ndala.

Basi kama wote wamelipa, kwa nini njia ijengwe kwa ajili ya mwenye injini peke yake? Lami mpya bila pa kupita miguu inaongeza mbio, na hatari inabaki kwa yule yule. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2021 watu wapatao milioni 1 na 190,000 waliokufa barabarani duniani, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, wa kinga na wa pikipiki. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulishauri serikali zitoe angalau 20 kwa 100 ya pesa ya usafiri kwa kutembea na kwa kinga. Waliohesabu hivyo hawakuhesabu kwa ajili ya dini, lakini sisi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulisema mbele ya wakubwa wa komini na wa mji, kwa adabu, na kwa maandishi.

Kuhusu peaje, wengine wananiuliza kama ni haramu. Jibu langu: ikichukuliwa kwa ajili ya njia na ikarudi kwenye njia, ni malipo ya kazi. Ikichukuliwa kwa ajili ya njia na ikaliwa, huo ni wizi wa amana, na Qur'ani katika Aal-Imran inatuonya kwamba mwenye kuiba mali ya wote atakuja nayo Siku ya Kiyama. Sijui atabebaje kilometa za lami shingoni.

Lakini tusiwaangalie wakubwa tu. Ijumaa hii yenyewe, toka nje uone motokari zetu zilivyofunga njia mbele ya msikiti. Manseba wetu wanapita kwa mbio kati ya watoto ili wawahi rakaa ya kwanza. Wenye maduka, ndugu zetu, wamesukuma meza mpaka mfereji. Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kukaa njiani, na waliposema hawana budi, akawaambia basi waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuacha kuudhi watu.

Limebaki swali lililoletwa kamati: tunaweza kufunika mfereji wa mbele ya madrasa kwa pesa ya zaka? Mahmud Shaltut wa Azhar alipanua maana ya fi sabilillah mpaka ikaingia barabara. Lakini wanazuoni walio wengi, na madhehebu yetu ya Shafi'i, hawakukubali. Zile aina nane za Surat at-Tawba zina wenyewe, na maskini wa mtaa wetu hawajaisha. Sitachukua unga wa mjane nikanunue simenti. Sadaka ya hiari ndiyo mlango wake. Zubayda, mke wa Harun Rashid, alitoa mali yake mwenyewe akachimba visima na mabirika kwenye njia ya Kufa kwenda Makka, na njia ile inaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Kwa hiyo leo mlangoni kuna masanduku mawili. Lenye kitambaa cha kijani ni la zaka, msiliguse kwa nia nyingine. La pili ni la simenti na vyuma vya kufunika mfereji, na hesabu yake itabandikwa ukutani kila Ijumaa, franga kwa franga. Barua ya kuomba matuta na njia ya miguu iko kwa katibu, wazazi wa madrasa waje kuisaini baada ya sala. Wenye motokari, tafadhali tokeni kwanza mfungue njia.

Wabillahi tawfiq.