Gari Letu, Programu Yao

Kitu kikiwa chako, ni chako kwa sababu gani? Kwa sababu kina jina lako, ama kwa sababu kikiharibika unaweza kukifungua na kukitengeneza?

Ulaya wanalijadili sana swali hili siku hizi. Data zao nyingi zinakaa kwenye kompyuta za kampuni za Marekani, chipu zao nyingi zinatoka Asia, na sasa wanavitazama vyuo vikuu vyao viwaokoe. Wana wa kujivunia: imec, kituo cha utafiti wa chipu kule Ubelgiji, kilizaliwa 1984 kutoka Chuo Kikuu cha Leuven. Lakini ukiwa hapa Turbo, kando ya barabara ya Eldoret kwenda Malaba, unaona kwamba Kenya iliuliza swali hilo zamani. Na ilipata majibu mawili tofauti kabisa.

Jibu la kwanza ni gari. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa baya na la polepole. Yakaundwa matano, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakazinduliwa 1990 kwa shangwe. Pesa za kuyatoa kiwandani kwa wingi hazikupatikana. Lilikuwa gari letu kwa jina, lakini hakuna mwananchi aliyewahi kulipeleka gereji, kwa sababu hakuna aliyewahi kulinunua.

Jibu la pili liko karibu nasi zaidi, na ajabu ni kwamba wengi hawalijui. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Wagonjwa wa HIV walipozidi, mfumo ule ukalemewa. Mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Regenstrief kutoka Indiana walifika Eldoret, wakaona hali ilivyo, wakaamua kuanza upya wakishirikiana na shirika la Partners In Health. Hapo ndipo ilipotoka OpenMRS, iliyoanza kazi Eldoret Februari 2006. Leo inatumika katika nchi zaidi ya 40, na KenyaEMR, ile ya hospitali zetu nyingi za umma, imejengwa juu yake.

Sasa, hiyo ni ya nani? Waliobuni wengi ni Wamarekani. Tatizo lilikuwa letu, na miili ilikuwa yetu. AMPATH, mpango wa vyuo hivyo viwili, ulikuwa na kliniki hapa Turbo, na wahudumu wake walipita nyumba hadi nyumba wakipima HIV na kuingiza majibu kwenye vifaa vya mkononi. Watu walifungua milango, wakatoa kidole kidungwe. Vidole vikawa namba, namba zikawa makala katika majarida ambayo hakuna mtu wa Turbo anayeyasoma.

Kuna wanaosema huo ni unyonyaji mtupu. Mimi siwezi kusema hivyo, manake dawa zilikuja, na watu waliokuwa wamehesabiwa kaburi wako shambani wanapanda mahindi. Tena leseni ya OpenMRS inamruhusu mtu yeyote kuchukua msimbo wake na kuubadilisha. Mlango uko wazi. Kilichobaki ni kuuliza nani wetu anaingia.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. AMPATH ilikuwa imeegemea pesa hizo kwa miaka mingi. Saini moja Washington ilitosha kuzuia pesa, lakini haikuweza kuurudisha msimbo. Ni jambo kubwa hilo. Ila msimbo haujirekebishi. Mashine ikigoma kliniki asubuhi, foleni ikiwa imefika nje, anapigiwa simu nani? Na mshahara wake unatoka wapi?

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, karo iliponishinda, kwa hivyo sina sababu ya kuvipamba vyuo vikuu. Lakini naamini kujitawala kiteknolojia si kumiliki kitu, ni kuwa na watu wanaokielewa mpaka ndani, na watu hao hawaokotwi njiani. Kuwafunza ni kazi ya chuo. Kuwalipa ili wabaki ni kazi ya serikali. Gari la 1986 lilikosa mtaji, na ujuzi wa waliolitengeneza ukakosa pa kwenda. Programu ya 2006 inaweza kufa hivyo hivyo huku ikiendelea kuishi vizuri nchi nyingine.

Na chuo kina deni lingine. Mtu aliyekufungulia mlango usiku wa hofu yake, ukaondoka na jibu lake, ana haki ya kuambiwa ulijifunza nini. Si kwa makala. Kwa baraza la chifu, kwa lugha yake, na nafasi ya kuuliza.

Kwa hivyo siku kiongozi atakapozindua tena kitu “chetu”, mwache akate utepe, piga makofi ukitaka. Kisha muulize maswali mawili: kikiharibika, nani atakifungua? Na mtu huyo amelipwa mwezi huu?