Mnara wa Kasaji na Haki ya Kuulizwa

Swali la nani aamue juu ya mawasiliano ya watu wa mahali fulani huachiwa mafundi na wanasheria, ilhali mzizi wake uko katika maadili, kwa kuwa linagusa mipaka ya mamlaka ya binadamu juu ya wenzake. Mji wa Kasaji, katika teritwari ya Dilolo, kwenye reli itokayo Kolwezi kuelekea mpaka wa Angola, unaliweka swali hilo waziwazi. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 202, imeyafanya mawasiliano kuwa shughuli ya serikali kuu peke yake, na ARPTC, chombo kinachozisimamia kampuni za simu, makao yake yako Kinshasa. Hata hivyo, ibara ya 3 ya Katiba hiyohiyo inazitambua mamlaka za chini, yaani mji, komuni, sekta na cheferi (eneo la chifu wa kimila), kuwa na nafsi ya kisheria na uhuru wa kujiendesha.

Wanaotetea mpango wa kuyaacha mawasiliano mikononi mwa serikali kuu wana hoja nzito. Masafa, yaani nafasi za mawimbi yanayobeba sauti na data hewani, hayajui mpaka wa cheferi, na kama kila chifu angeyagawa apendavyo, mawimbi yangeingiliana na simu zisingesikika. Tena, Mkongo amekwisha kuchoshwa na wingi wa ofisi zinazotoza, na kuongeza mtozaji mwingine chini ya mnara hakumsaidii mgonjwa wala mfanyabiashara.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa Katoliki yana kanuni inayofaa hapa, iitwayo kanuni auni. Papa Pius wa XI aliieleza mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno: jambo ambalo jumuiya ndogo inaliweza isinyang'anywe na iliyo kubwa, na iliyo kubwa inawajibika kuiauni ndogo pale inapolemewa. Mwaka huohuo reli ya Katanga, jimbo la Kasaji wakati huo, iliunganishwa na ile ya Benguela nchini Angola, ikapita Kasaji chini ya utawala wa kikoloni ambao haukumwona mwenyeji kuwa mtu wa kushauriwa. Kwa kipimo cha kanuni auni, kugawa masafa ni kazi ya ngazi ya juu kwa haki kabisa. Lakini kujua ni kijiji gani hakina mtandao, na kudai jibu mnara unapozimika, ni mambo ambayo wenyeji wanayaweza kuliko afisa yeyote wa mbali.

Mnara wa simu wa mahali kama Kasaji hutegemea betri, paneli za jua au jenereta ya mazutu. Ukinyamaza, wakala wa M-Pesa huwa na noti mezani na mteja mbele yake, lakini hawezi kumlipa kwa sababu ujumbe wa uthibitisho haufiki. Na muuguzi mwenye mama mjamzito aliyezidiwa hana njia ya kuita msaada. Hasara hiyo inaonwa na wote, na yeyote anaweza kuieleza kwenye chota, banda la mazungumzo katikati ya kijiji cha Walunda na Wachokwe, lakini maneno ya chota hayana mahali pa kufikia katika utaratibu wa sasa.

Kwingine mamlaka za chini zimewahi kupewa sauti kisheria. Nchini Marekani, miji iliipata kwa kuwa nyaya za televisheni zilipita katika barabara zake. Sheria ya mwaka 1984 iliiruhusu kutoza hadi asilimia 5 ya mapato ya kampuni na kudai chaneli za matumizi ya wakazi. Msingi huo ni ardhi, na wimbi halihitaji barabara. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2018 nayo inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa mamlaka ya chini ya pale yanapochimbwa madini, hivyo dola imekwisha kukubali kwamba wa chini ana fungu lake. Ila hapo pia haki inafuata utajiri wa udongo. Mahali ambapo mtandao haujafika hapana waya wala mrabaha wa kushikia dai. Kwa hiyo haki ya Kasaji kuulizwa haina budi kusimama juu ya msingi mwingine, nao ni kwamba anayebeba madhara ya uamuzi ni mtu kamili, mwenye akili ya kuyaeleza madhara hayo, na uamuzi uliofanywa bila kumsikia una kasoro ya haki hata pale unapotokea kuwa sahihi kiufundi.