Tarikhi na Mama Asiyetajwa

Huulizwa sana, na aghalabu huuliza mzazi aliyekwisha lipa karo: kijana akikaa chuo kikuu miaka mitatu akisoma tarikhi, atatoka na nini? Swali si la kejeli, wala silidharau. Majibu yake ndiyo dhaifu. Husemwa kwamba tarikhi hutufunza tusirudie makosa. Walimwengu wameisoma karne na karne, na makosa wanayarudia vile vile. Husemwa tena kwamba hutupa fakhari. Fakhari haina haja ya chuo kikuu. Barazani hupatikana bure, pamoja na kahawa.

Na tutazame khabari za kuasisiwa Kilwa. Zimetufikia kwa maandishi ya njia mbili. Ya kwanza ni ya Kiarabu, iliyotungwa karne ya 16, na nakala yake imehifadhiwa London. Ya pili imo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapwa mwaka 1552. Zote mbili zamleta mwana wa mfalme kutoka Shiraz. Katika ile ya Kiarabu, mfalme aota panya mwenye pua ya chuma akiubomoa ukuta, naye ahama na wanawe sita kwa majahazi saba. Katika ile ya Mreno hakuna panya. Yuko Ali, mmoja wa ndugu saba, aliyedharauliwa na nduguze kwa kuwa mamake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, akaona heri aihame nchi.

Mama huyo yuko wapi katika khabari ya Kiarabu? Yawezekana wajukuu walimwondoa, wakaweka ndoto mahali pake. Yawezekana pia msimuliaji wa Mreno ndiye aliyemzidisha. Hapa ndipo kazi ya mwanafunzi inapoanza: nani alisimulia, kwa nani, baada ya miaka mingapi, na kwa faida ya nani? Wanazuoni wetu wa hadithi waliyauliza maswali haya zamani sana walipopima isnadi. Ajabu ni kuwa twayastahi sana msikitini, na tukifika kwenye nasaba zetu wenyewe twayaacha mlangoni pamoja na viatu.

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani yetu. Kwa wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, na hasa kwa upande wa wanawake. Sehemu kubwa ya asili yao ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Mifupa haikumthibitisha Ali wala mamake. Lakini waliodai kuwa Ushirazi wote ni uzushi walitahayari, na waliodai kuwa pwani ilijengwa na wageni watupu walitahayari zaidi. Majina ya wanaume yamo katika kitabu. Wanawake wamo kaburini, bila majina.

Mambo haya si ya kupitisha jioni tu. Visiwani petu neno Shirazi liliingia katika jina la chama mwaka 1957, na ilipofika Januari 1964 nasaba ilitosha kumponza mtu roho yake. Waliouana kwa ajili ya nasaba hawakukosa tarikhi. Walikuwa nayo tele, kila mmoja ya kwao, na hakuna aliyefunzwa kuihoji ya kwao kwa ukali ule ule anaoihoji ya jirani. Adabu hiyo haiji yenyewe, na nyumbani ni vigumu kuipata, kwani nani atamhoji babu yake mbele ya wageni?

Vyuo vyetu navyo vina deni. Katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, zimo barua na hati za khati ya Kiarabu. Mwanafunzi asiyejua kuisoma khati hiyo atabaki kuisikia Zanzibar kwa kinywa cha balozi wa Kiingereza. Afunzwe khati hiyo mwaka wa kwanza, kabla ya nadharia yoyote.