Anayekaa Juu ya Chemchemi



Mtoto akiharisha, wengi wetu huuliza: mama yake ana usafi gani? Ni mara chache tuulizapo: anakaa mahali gani, na ni nani akaaye juu ya chemchemi anayochota? Yafaa tulifikiri jambo hili, kwa maana hukumu yetu juu ya mgonjwa yaweza kuwa ya haki, au yaweza kuwa ya kuonea.

Tutazame yaliyotokea mwaka 2015. Mwezi wa Mei maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Vyoo vilikuwa vichache mno, na watu wakanywa maji ya ziwa. Kipindupindu kikaingia. Zaidi ya watu 3,000 mkoani waliugua, na wapatao 30 wakafa. Je, walikuwa wachafu kwa asili yao? La. Majuma machache kabla yake walikuwa wazima makwao. Walipovushwa kwa meli ya Liemba na kufikishwa Nyarugusu, wilayani Kasulu, wakapata maji safi, vyoo, matibabu na chanjo, ugonjwa ukatulia. Watu walikuwa wale wale. Yaliyowazunguka ndiyo yaliyobadilika.

Historia ya Buha yatufundisha vivyo hivyo. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu waliotawanyika porini, ili kuwaepusha na mbung'o waletao malale. Tena tangu mwaka 1972, Operesheni Kigoma iliwakusanya watu vijijini. Shule na zahanati zilisogea karibu. Lakini uchafu wa jirani nao ulisogea karibu. Mtu akaaye peke yake mlimani aweza kufanya apendavyo. Nyumba arobaini zichotazo chemchemi moja haziwezi. Kadiri tunavyokaribiana, ndivyo wajibu wetu unavyokua.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza redio. Wakajadiliana, wakachimba vyoo. Neno lile lilikuwa la kweli, lakini tuongeze: afya ya mtu imo pia mikononi mwa jirani yake.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow alisema chanzo ni maji ya kisima cha Broad Street. Kasisi kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead, hakumwamini. Lakini alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu aliowajua, na mwisho akagundua kwamba maji yaliyofulia nguo za mtoto mgonjwa yalimwagwa katika shimo la choo lililokuwa karibu sana na kisima. Mama yule hakukusudia ubaya. Alifanya kama walivyofanya jirani zake wote.

Wengine husema: kila mtu na aangalie afya yake, yatosha. Hapo ndipo penye ugumu. Katika vilima vyetu uchafu huteremka na mvua. Aliye juu akikosa choo kizuri, huenda yeye asiugue. Ataugua mtoto wa bondeni. Basi faida yake mwenyewe haimfundishi kuchimba. Lawama nayo haimsaidii, hasa akiwa ni mjane au mzee asiye na nguvu za kushika jembe. Kinachobaki ni kumhesabu mtoto wa bondeni kuwa wetu, iwe tunakaa juu au chini, na kumhesabu yule mjane vivyo hivyo.

Kwa hiyo, kabla mvua za Novemba hazijaanza, watu wa kila mtaa na wapande juu ya chemchemi yao waone kuna nini. Tusiende kuhukumu. Twende na majembe.