Usijione Umesahaulika: Somo Kutoka Kaunta ya Jibini



Kijana mwenzangu, kwetu ukitaja jibini (wengi tunaiita chizi), mtu anawaza kitu kimoja tu: kile cha njano cha kwenye piza. Hapa Roma ninakosoma teolojia, nilisimama mbele ya kaunta ya duka la jibini nikabaki nashangaa. Aisee, kumbe aina ni nyingi hivi! Kuna pecorino ya maziwa ya kondoo, ngumu na yenye chumvi kali. Kuna taleggio, harufu yake kama soksi baada ya mechi, lakini ukiionja ni laini na tamu. Kuna gorgonzola yenye mistari ya ukungu wa kijani na buluu. Nyumbani ingetupwa! Kumbe huwa inatobolewa makusudi kwa sindano ndefu ili hewa iingie, ndipo ladha yake ijengeke.

Iliyonigusa zaidi ni Parmigiano Reggiano, ambayo asili yake ni kwenye monasteri za Zama za Kati. Hutengenezwa kama gurudumu la kilo 40 hivi, kwa takriban lita 550 za maziwa. Hulowekwa kwenye maji ya chumvi, kisha huwekwa ghalani miezi isiyopungua 12. Mengine hukaa 24 au hata 36. Ukilitazama, utasema hakuna kinachoendelea. Lakini kuna mtu analigeuza na kulipiga brashi mara kwa mara, na ndani linakomaa. Mwishoni mtaalamu huligonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza kama ndani kuna uwazi. Si wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma?

Sasa tuje kwako. Umemaliza chuo, bahasha ya vyeti imezunguka ofisi hadi ofisi. Wenzako wanaposti kazi mpya na harusi, wewe bado uko kwa wazazi. Na swali linalouma usiku si "nitapata kazi lini?" bali "hivi Mungu ananiona kweli?"

Ayubu naye aliuliza hivyo. Katikati ya mateso alimkumbusha Mungu kwamba ndiye aliyemgandisha kama jibini (Ayubu 10:10). Zingatia: alikuwa analalamika! Lakini lalamiko lake alilipeleka kwa Mungu mwenyewe, nalo likawa sala.

Kwenye falsafa tulisoma kwa Aristotle kwamba kitu si vile kilivyo leo tu, bali pia kile kinachoweza kuwa. Imani inaongeza jambo moja: kuna Mmoja anayekujua katika hali zote mbili. Yesu mwenyewe alianza utume akiwa na miaka kama 30 (Luka 3:23). Miaka yote ile ya Nazareti, nani alimposti?

Ila kusubiri si kulala. Endelea kuomba kazi, jifunze ufundi, saidia nyumbani. Na ukubali kugeuzwa: nenda kitubio, shiriki Misa, mtafute padre au mlezi umwambie ukweli wa moyo wako. Wiki hii, kabla hujafungua simu asubuhi, mpe Mungu dakika tano na lalamiko lako kama lilivyo.

Tuombe: Ee Yesu wa Nazareti, wewe unajua miaka isiyoonekana na watu. Tukomaze, ili siku tutakapogongwa tusionekane watupu. Amina.