Matumaini ya Mgonjwa si Bidhaa

Mtu mwenye afya hununua kwa kupima. Hukitazama kitu, huuliza bei, na akiona bei imepita thamani, huenda zake. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake hauna dawa hawezi kununua hivyo. Yeye hapimi tena, bali hushika chochote anachonyoshewa, maana mfa maji haachi kutapatapa. Ndiyo sababu anayemwuzia mgonjwa dawa ana wajibu mzito kuliko yule anayeuza nguo au jembe.

Jambo hili ni la kale, lakini siku hizi limerudi kwa nguvu mpya katika habari za tiba ya chembe za shina, hasa inapotumiwa kwa ugonjwa wa neva uitwao sklerosi ya mabaka. Swali ndilo hili: je, ni halali kumpa mgonjwa tiba isiyothibitishwa, kwa kuwa yeye mwenyewe aitaka, na kwa kuwa hana nyingine? Ili kujibu kwa haki, yafaa kwanza kuujua ugonjwa, kisha kuijua dawa, ndipo kuyapima matendo ya watu.

UGONJWA WENYEWE

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo mna nyuzi nyembamba zipelekazo habari na amri za mwili: za kuona, za kushika, za kutembea. Nyuzi hizo zimefunikwa na ala yenye mafuta, iitwayo mielini, kama waya wa umeme ulivyofunikwa na mpira. Tena mwili una askari wake, ndio chembe nyeupe za damu, wenye kazi ya kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao huasi na kuishambulia nyumba yao wenyewe. Huiharibu ile ala, na mahali ilipoharibiwa hubaki kovu gumu kama baka. Mganga Mfaransa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliyaeleza mabaka hayo mwaka 1868, na jina la ugonjwa latokana nayo.

Mgonjwa mmoja huanza kuona ukungu katika jicho moja. Mwingine mguu wake hufa ganzi, au hujikwaa pasipo sababu. Mara nyingi hupata nafuu, halafu ugonjwa hurudi, na kwa wengi, miaka ikipita, hubaki udhaifu usioondoka. Duniani wako watu karibu 2,900,000 wenye ugonjwa huu, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Huonekana zaidi katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuliko katika nchi za joto. Kwa kawaida huwapata watu kati ya miaka 20 na 40, yaani wakati ule ambapo mtu analea watoto na kuitegemeza nyumba yake. Ziko dawa zipunguzazo mashambulio, wala hakuna hata moja iuondoayo ugonjwa kabisa. Na kwa wale ambao ugonjwa wao huendelea polepole bila kupumzika, dawa zifaazo ni haba.

DAWA INAYOTAJWA

Chembe za shina ni chembe za mwili ambazo bado hazijapewa kazi moja maalum. Kama shina la mti litoavyo matawi, ndivyo chembe hizo zizaavyo chembe nyingine za namna mbalimbali. Zimo katika uboho wa mifupa ya kila mtu, na humo hutengeneza damu siku zote. Zimo pia katika mtoto aliye katika siku za kwanza kabisa baada ya kutungwa mimba, na hizo zaweza kuwa kiungo chochote.

Tiba iliyojaribiwa kwa uangalifu zaidi hutumia chembe za mgonjwa mwenyewe. Ilijaribiwa kwanza kwa ugonjwa huu mwaka 1995, mjini Thessaloniki katika Ugiriki. Waganga hukusanya chembe za shina kutoka damu ya mgonjwa na kuzihifadhi katika baridi kali. Kisha humpa dawa kali za namna ile itumiwayo kwa saratani, ili kuwaangamiza askari walioasi. Mwishoni humrudishia chembe zake, nazo hujenga jeshi jipya. Yafaa kuelewa vema kwamba chembe hizo haziufanyi upya uti wa mgongo ulioharibika. Huzima moto usiendelee; chumba kilichokwisha kuteketea hazikijengi.

Matokeo yake ni ya kweli, na hatari zake ni za kweli vilevile. Mgonjwa hupoteza nywele, aweza kupoteza uwezo wa kuzaa, na kwa majuma kadhaa mwili wake hauna kinga. Mjini Ottawa, katika Kanada, waganga waliwatibu wagonjwa 24 wenye ugonjwa mkali, wakatangaza matokeo mwaka 2016. Mmoja alikufa kwa sababu ya tiba yenyewe. Wale 23 waliobaki hawakupata shambulio jipya katika miaka waliyoangaliwa, ingawa baadhi yao waliendelea kudhoofika. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya jaribio jingine, lililoongozwa kutoka Chicago, la wagonjwa 110 waliogawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipata tiba hii, fungu la pili dawa za kawaida. Katika fungu la kwanza ugonjwa ulizidi kwa watu 3; katika fungu la pili, kwa watu 34. Hakuna aliyekufa. Lakini wagonjwa hao walikuwa wamechaguliwa: ugonjwa wao ulikuwa wa namna ile ya kwenda na kurudi, na mashambulio yalikuwa yakiendelea bado. Asije mtu akawaahidia wote yaliyowapata hao.

SWALI LA KWANZA: CHEMBE ZIMETOKA WAPI?

Mwaka 1998, katika chuo kikuu cha Wisconsin, Marekani, wataalamu walifaulu kwa mara ya kwanza kuzitenga na kuzikuza chembe za shina za mtoto wa siku chache, aliyetungwa katika maabara. Kwa kuzitoa, mtoto huyo huharibiwa. Wako wanaotetea kazi hiyo wakisema: kitu hicho ni kidogo kuliko punje ya mchanga, hakioni uchungu, tena kingetupwa tu, bali mgonjwa ni mama wa watoto, naye alia kitandani. Je, huruma haidai achaguliwe yeye?

Huruma ya hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini aliye karibu kufa hawi kwa sababu hiyo mali ya mtu anayemhitaji. Tena, mgonjwa wa sklerosi mwenyewe yu miongoni mwa wanyonge. Siku moja aweza kushindwa kusema, kutembea, hata kujilisha. Kinachomlinda siku hiyo ni sheria moja tu, kwamba uhai wa mtu haupimwi kwa nguvu zake wala kwa faida yake. Anayeivunja sheria hiyo ili kumponya mgonjwa amemwondolea mgonjwa huyo ngao yake. Ndiyo sababu Eklezya, katika waraka Dignitas Personae wa mwaka 2008, imefundisha kwamba kuzitoa chembe kwa kumharibu mtoto aliye hai ni kosa zito. Waraka huohuo wakubali chembe zilizotolewa katika mwili wa mtu mzima, au katika damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa.

Wala njia ya haki haikuwa njia iliyofungwa. Mnamo mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha kwamba chembe za kawaida za panya zaweza kurudishwa katika hali ya shina. Mwaka 2007 ilifanyika kwa chembe za mtu. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza John Gurdon.

SWALI LA PILI: JE, MGONJWA AMEAMBIWA KWELI?

Wengi hukoma katika swali la kwanza. Wakisikia kwamba chembe ni za mgonjwa mwenyewe, au za kitovu, hudhani mambo yote ni safi. Hapo hukosea, maana chembe zaweza kuwa safi na mikono ya muuzaji ikawa michafu.

Mfano uko katika historia ya karibuni. Mjini Rotterdam, Uholanzi, mganga mmoja aliyekuwa pia na ruhusa ya kutibu katika Uingereza aliwapa wagonjwa, wakiwamo wa sklerosi, sindano za chembe alizoziita chembe za shina. Walimlipa maelfu ya paundi. Chembe hizo zilikuwa zimetengenezwa kwa utafiti wa maabara, si kwa mwili wa mtu. Mwaka 2010 baraza linalosimamia waganga wa Uingereza lilimfuta katika orodha yake. Wagonjwa hawakupona, na fedha zilikuwa zimekwisha kwenda.

Watu husema: mgonjwa ni mtu huru, mwili ni wake, fedha ni zake, tena hana cha kupoteza. Kwa nini azuiwe?

Jibu la kwanza: uhuru pasipo kweli si uhuru. Anayechagua njia baada ya kudanganywa juu ya mwisho wake hakuichagua, amesukumwa.

Jibu la pili: si kweli kwamba hana cha kupoteza. Anayo miaka iliyobaki, anayo karo ya watoto wake, anayo macho yaonayo bado. Mwaka 2017 waganga walitangaza habari za wanawake watatu waliotibiwa Florida, waliokuwa na ugonjwa wa macho. Walitiwa machoni chembe zilizotolewa katika mafuta ya miili yao wenyewe, nao wakapofuka. Walikuja wakiona bado, wakaondoka karibu wasione.

Jibu la tatu lawahusu wale wasemao kwamba matumaini yenyewe ni dawa, kwa hiyo yafaa kuyatia hata kwa uongo. Matumaini ya kweli humpa mgonjwa nguvu ya kubeba siku ya leo. Ya uongo humfanya aikimbie leo yake, na siku uongo unapofunuliwa humwacha maskini kuliko alivyokuwa, maana sasa hamwamini tena hata yule anayemwambia kweli.

HAKI YA KUAMBIWA «HAPANA»

Je, basi ni vibaya kujaribu? Sivyo. Pasipo kujaribu, hata tiba ya Thessaloniki isingalijulikana. Lakini kujaribu ni kazi, na kuuza ni kazi nyingine. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi 9, la wagonjwa 144 wa sklerosi. Walipewa chembe za uboho za namna nyingine, zile ambazo kliniki nyingi huziuza kwa bei kubwa. Nusu yao walipata chembe kwanza, nusu maji yasiyo na kitu, kisha wakabadilishana. Ilionekana kwamba chembe hazikudhuru, lakini pia hazikuyapunguza mabaka mapya. Waganga waliandika hivyo, pasipo kuficha. Hiyo «hapana» yao ni tendo la mapendo kwa maelfu ya watu wasiowajua, maana yawaokoa wasiuze nyumba zao bure.

Kwa hiyo ziko alama ambazo jamaa ya mgonjwa waweza kuzitazama. Anayejaribu kwa uaminifu husema wazi kwamba ajaribu. Hutaja hatari kabla ya faida. Yuko chini ya watu wengine wawezao kumkataza. Hutangaza matokeo mabaya kama atangazavyo mazuri. Anayeuza matumaini huonyesha picha za waliopona na hataji walioshindwa. Huahidi kuponya kwa sindano moja magonjwa yasiyofanana, na hudai fedha zote kabla. Mizani hiyo yafaa Rotterdam, yafaa Florida, na yafaa vilevile kwa chupa iuzwayo sokoni kwa jina la dawa ya magonjwa kumi.

Mganga mwaminifu naye ana hatari yake. Aweza kujificha nyuma ya neno «haijathibitishwa» ili asichukue taabu ya kufikiri, na mgonjwa ambaye angefaa kupata tiba iliyojaribiwa asiambiwe kwamba ipo. Kunyamaza huko pia ni kosa juu ya kweli. Mgonjwa ana haki ya kuisikia «ndiyo» iliyo ya kweli kama aliyo nayo ya kuisikia «hapana».

WAJIBU WA WANAOMZUNGUKA

Injili yataja mwanamke aliyeteswa na waganga wengi, akamaliza mali yake yote, hali yake ikazidi kuwa mbaya. Bwana Yesu hakumlaumu kwa kutafuta kwake. Wala Wakristu wasimlaumu mgonjwa afuataye kila fununu ya dawa. Kiu yake ya kupona ni haki. Lawama ni ya wanaoigeuza kiu hiyo kuwa biashara.

Lakini mara nyingi mgonjwa hukimbilia muuzaji kwa sababu muuzaji ndiye peke yake aliyempokea kwa uso mwema na kukaa naye muda mrefu. Waliomwambia kweli walimwambia wakiwa wamesimama mlangoni, kisha wakaenda zao. Basi katekista, ndugu au jirani amtembeleaye mgonjwa asiahidi kupona ambako hakuna aliyempa mamlaka ya kukuahidi. Amsaidie kuuliza maswali yaliyo sawa, na kupata mganga mwenye ujuzi, kabla fedha hazijatoka mkononi. Na akiisha kumwambia kweli, avute kiti akae. Kweli ikiletwa na mtu anayeondoka upesi, mgonjwa huisikia kama hukumu; ikiletwa na mtu anayerudi kesho na kesho kutwa, aweza kuibeba.