Mjukuu Wangu, Usifungue Gia Boksi Kabla Hujaiuliza

Mjukuu wangu, umemaliza VETA, una sanduku jipya la spana na mikono yenye nguvu. Alhamdulillahi. Sasa kaa hapa kivulini nikupe kile ambacho hakiingii sandukuni.

Magari yanayoletwa gereji siku hizi, Prado, RAV4, Harrier, mengi ni ya otomatiki, na mengi yalishakula miaka yake Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Yatakujia yakilalamika: gia inachelewa kushika, gia inapiga teke, gari linanguruma haliendi. Mwenye gari atakwambia, "Fundi, gia boksi imekufa." Usimwamini upesi, na usimbishie. Uliza kwanza.

Nakuusia hivi kwa sababu mimi sikuuliza. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka mawese Kasulu aliniletea Prado. Alfajiri akipandisha milima, gia ya nne ilikataa kuingia. Mimi nilikuwa nimezeekea kwenye malori na Land Rover za gia za mkono, nikadhani otomatiki haina la kunifundisha. Siku hiyohiyo nikaishusha gia boksi, nikaifungua, nikakuta sahani za klachi nzima. Nikairudisha, gia ya nne ikakataa vilevile, na sasa gari likawa linavuja. Nikamshauri aagize gia boksi nyingine kutoka Dar es Salaam mpaka hapa Kigoma, takribani kilomita 1,250 kwa reli. Akauza kipande cha shamba lake la michikichi. Mzigo ukafika, nikaufunga, gia ya nne ikakataa.

Mzee mmoja akapita, akashika bomba la rejeta, akaniuliza, "Thamostati ya gari hili iko wapi?" Niliitoa mimi mwenyewe miezi michache nyuma, kama mafundi wengi tulivyozoea, eti injini isichemke. Pasipo thamostati, kwenye baridi ya milimani maji yanachelewa kupata moto, na kompyuta ya gari haitoi gia ya nne mpaka injini ipate joto lake. Shamba la mama wa watu lilikwenda kwa kifaa kinachoenea kiganjani. Nilimwendea nikamwambia ukweli, nikamlipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Fedha zilirudi. Michikichi haikurudi.

Basi shika haya.

La kwanza, msikilize mwenye gari, kisha panda naye. Tatizo huja gari likiwa la baridi au likishapata moto? Mlimani au tambarare? Nani aliligusa mara ya mwisho, na alitoa nini, akaweka nini? Lau ningeuliza hilo la mwisho, ningejitaja mwenyewe. Kisha lipandishe barabara ya Mwandiga. Injini ikipandisha sauti na mwendo usiongezeke, jua kuna kinachoteleza ndani. Ikiwa gia zote zinashika ila zinachelewa au zinapiga teke, bado una mambo mengi ya kutazama nje.

La pili, tazama haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi. Ndiyo inayosukuma klachi, ndiyo inayolainisha, ndiyo inayopoza. Ikiharibika, kazi zote tatu zimeharibika. Lisimamishe gari kwenye tambarare, likiwa na moto wake, injini iko sailensa. Pitisha mkono wa gia kuanzia P hadi L, urudishe P, ndipo uchomoe stiki. Hapo mtoto wa Kigoma hana udhuru, maana pua yako imesomeshwa na mawese tangu hujaanza kutembea. Haidroliki nzima ni nyekundu na safi. Ikiwa nyeusi na inanuka kama mawese yaliyoungulia chunguni, klachi zimeungua. Ikiwa imefanana na chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Mara nyingi yametoka kwenye rejeta, ambamo bomba la kupozea haidroliki hupita. Gari hilo lisiende hata sokoni. Ikiwa imepungua tu, tafuta inapovujia kabla hujaongeza. Wala usimimine chochote kwa kuwa ni chekundu. Kuna Dexron, kuna T-IV, na gari la CVT lina yake peke yake. Soma kitabu cha gari. Mara nyingine hata stiki yenyewe imeandikwa.

La tatu, hesabu sekunde. Kanyaga breki, toa mkono wa gia N uweke D. Gia boksi nzima za Toyota za miaka ya 1990 hushika kabla ya sekunde 1.2, na rivasi kabla ya 1.5. Ikizidi hapo, presha ya haidroliki ni ndogo au klachi zimelika. Kisha mwambie mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, nawe tazama kebo inayotoka kwenye injini kushuka gia boksi, kwa gari lenye kebo hiyo. Kishikizo chake kisiachane na mdomo wa ganda kwa zaidi ya milimita 1. Ikilegea, gia huingia mapema na kuteleza. Ikikazwa mno, huchelewa na kupiga teke. Kuirekebisha ni kazi ya spana ndogo na dakika chache.

La nne, iache kompyuta iseme. Taa ya O/D OFF ikimweka yenyewe, gari linakuita. Kwenye Toyota za zamani, unganisha kwa waya tundu la TE1 na la E1, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu mimweko. 42 ni sensa ya mwendo. 62 na 63 ni solenoidi za kubadilisha gia. 64 ni ya kufunga konveta. Solenoidi hizo ukizipima kwa mita zinakupa omu 11 hadi 15. Ukibaki na shaka, chomoa plagi ya solenoidi uendeshe: L itakupa gia ya kwanza, 2 itakupa ya tatu, D itakupa ya nne. Zikishika vizuri, ndani hakuna ubaya. Ugonjwa uko kwenye umeme.

Usilidharau hili la umeme. RAV4 za 2001 hadi 2003, umbo tunaloliita Kili Time, ziliwasumbua watu Marekani kwa gia kupiga teke, na chanzo kikaonekana kwenye kompyuta ya injini. Aliyebadilisha gia boksi akaiacha kompyuta ile, aliiweka gia boksi mpya kwenye maradhi yaleyale.

La tano ndilo zito. Kuna siku utafungua sampo ukute chengachenga za chuma na unga mweusi wa klachi. Siku hiyo usimpe mwenye gari matumaini ya uongo. Mwite, mwoneshe kwa macho yake, mtajie gharama yote kabla hujashika spana. Na kama ni kebo tu, sema ni kebo, upokee ujira wa kebo. Gari la mtu ni amana.

Unaijua meli yetu ya Liemba. Wajerumani walipolazimika kuizamisha Julai 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mainjinia wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Vita vilikuwa vimewaelemea, na meli ilikuwa inawatoka mikononi. Hata hivyo hawakuuacha mtambo mkavu. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, waliikuta mitambo bado inafaa, na 1927 meli ikarudi kazini kwa jina hili tunalolijua.

Waliopaka grisi ile hawakuwajua watakaonufaika nayo. Nawe hutamjua fundi atakayelala chini ya gari baada yako. Basi weka haidroliki iliyo sawa, rudisha thamostati mahali pake, funga kila boliti uliyoikuta, na uandike ulichobadilisha, ili atakayekuja akiuliza apate jibu. Mungu akubarikie mikono, mjukuu wangu.